Maziwa ya Kupima

Kwetu dukani kila kitu hupimwa. Mafuta ya kula, sukari, majani ya chai, sabuni ya unga, maziwa ya unga ya chai, hata hina. Mteja wa Kibiti hanunui katoni. Ananunua cha leo, cha kesho atakifuata kesho Mungu akipenda. Babu yangu aliianza kazi hii Mohoro, akiwapimia chumvi wakulima wa mpunga. Baba akaihamishia hapa barabarani, nami nikaolewa na mtu wa kazi hiyo hiyo. Mkono wangu wa kulia unaijua robo kilo kabla mizani haijatulia. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa ugeni wa kazi.

Jambo la pili la kujua ni kanuni ya nyumbani kwetu. Babu alikuwa akisema, kwa Kikachi, lugha ya wazee wetu, kwamba duka halina upande. Watu wakigombana, muuzie huyu chumvi na yule chumvi. Wakiachana, muuzie mke kanga na mume msuli. Usikae kwenye vikao vyao, usitoe ushahidi. Sisi tumezaliwa hapa na wazee wetu wamezikwa hapa, lakini tukipita njiani bado tunaitwa Wahindi, na Mhindi mwenye akili, alisema babu, husikia yote akajibu bei tu. Nilikua na kanuni hiyo na kwa miaka mingi ilinifaa sana. Humpa mtu usingizi mzuri.

Makopo ya maziwa ya watoto wachanga tuliletewa na bwana mmoja wa mauzo kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na shikamoo yake ilikuwa ndefu kuliko ya watoto wa madrasa. Sheria inakataza kuyatangaza maziwa hayo, naye aliijua sheria hiyo kuliko wanaoisimamia. Hakubandika picha ya mtoto wala hakutundika bango. Alinipa saa ya ukutani yenye rangi za kopo, bila jina lolote. Aliomba tu makopo yakae usawa wa macho, jirani na nepi. Na ndani ya begi lake alikuwa na makopo madogo ya kuonja, ambayo aliwapa kina mama aliowakuta dukani, kimya kimya, kama mtu anayetoa sadaka.

"Mama, mimi siuzi," aliniambia. "Mimi naelimisha. Hii ndiyo inakimbiza mjini sasa hivi."

"Kama wewe huuzi, basi mimi hapa nafanya nini?"

Akacheka, akaandika oda.

Sikumchukia. Nisiwe mnafiki: wanangu wawili wa kwanza walilelewa na kopo. Mama mkwe wangu ndiye aliyechemsha maji na kupima unga. Mimi nililetewa chupa tayari, ya uvuguvugu. Friji ilikuwepo. Kopo likiisha nilinyoosha mkono nikachukua jingine kwenye rafu yetu wenyewe. Wanangu walinenepa mpaka mikono ikafanya pingili. Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba kopo lina ubaya, niliona ananitukania watoto. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na shibe ya mwenye duka ni mbaya zaidi kwa sababu mwenyewe haioni.

Aliyeniambia hivyo ni nesi wa kliniki ya watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na vilio. Alikuwa akija kununua sukari, anaitazama rafu, anakunja uso, anaondoka. Siku moja alimkuta bwana wa mauzo. Nilikuwa nampimia mteja mafuta, na mafuta hayataki macho mawili yatazame kwingine, kwa hiyo niliwasikiliza bila kuinua kichwa.

Nesi alimwambia kwamba kopo la bure ndilo ghali kuliko yote. Mtoto akishiba kopo, halipi titi kazi. Titi lisipopewa kazi, linaacha. La bure likiisha, maziwa ya mama nayo yamekwisha kukata, na hapo ndipo biashara inapoanza. Bwana wa mauzo akajibu kwa adabu kwamba wapo wanawake wagonjwa, wapo wasiopata maziwa, wapo watoto waliofiwa na mama.

"Hao wanyonye nini, dada?"

"Hao nawajua mmoja mmoja," nesi akasema, "na hao nitawaandikia mimi. Wewe umemwandikia nani? Umemkuta mtu dukani ananunua kiberiti!"

"Mwanamke ni mtu mzima. Ana haki ya kuchagua."

"Achague akijua. Wewe unamvizia ana usingizi wa siku arobaini machoni."

Niliona kila mmoja ana lake la kweli, na nilitamani wote wawili watoke dukani. Badala yake walinigeukia mimi. "Mama, wewe unasemaje?" nesi akauliza. Nilifunga kifuniko cha dumu la mafuta, nikafuta mikono, nikamwambia robo yake ya sukari iko tayari.

Zilipita kama wiki mbili. Bwana wa mauzo alikuwepo tena, katika mzunguko wake, alipoingia binti mmoja na mtoto mchanga mikononi. Alikuwa binti wa delta, kutoka kijiji kimojawapo ambacho hufikiwa kwa mtumbwi, ameolewa hapa Kibiti, nyumba ya nyuma ya mtaa wetu. Mumewe alifanya kazi Nyamisati, kupakia na kushusha mizigo ya boti za Mafia, na alirudi mara moja kwa mwezi, kama mshahara. Binti aliishi na mama mkwe wake, mkulima wa mpunga, mwanamke wa maneno machache na makali, mteja wangu tangu sote hatujawa na mvi. Ulikuwa uzao wa kwanza. Arobaini ilikuwa imetoka juzi tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na hongera ya uzazi."

"Tumeshapoa," alisema.

Alitaka kiberiti na kipande cha sabuni. Mtoto akaanza kulia. Akampa titi palepale, amesimama, amejifunika kanga. Mtoto akavuta kidogo, akaachia, akalia tena. "Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Niligeuka kutafuta kiberiti, na nilipogeukia tena, bwana wa mauzo alikuwa amekwisha fungua begi.

Kopo alimpa yeye, lakini neno nilimpa mimi. Nilisema, "Chukua mwanangu, wangu walikula hili hili." Naamini neno hilo lilimtuliza kuliko maelezo yote ya yule bwana. Alilipokea kopo kwa mikono miwili.

Baada ya siku chache alirudi na kopo tupu. Mtoto sasa analala, alisema, na mama mkwe amefurahi. Ila matiti hayajai tena kama zamani, sasa anampa titi usiku tu, la kumnyamazisha. Alitaka kopo jingine. Nikamtajia bei. Alimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile, akatazama rafu, akatazama mizani yangu.

"Hakuna ya kupima, mama?"

Hapo ndipo penyewe. Hakuna aliyenilazimisha, na bwana wa mauzo hakuwepo, alikuwa zake njiani kuelekea kusini. Nilijiuliza kwa nini isiwepo, na sikuona sababu. Nikashusha kopo kubwa, nikapasua karatasi yake ya ndani kwa kisu, nikachota unga na kuufunga kwenye vifuko vya nailoni, vile ambavyo vimepigwa marufuku na kila duka linavyo. Kijiko cha plastiki kilichokuwa kimezama ndani ya unga nilikitoa, kwa sababu kilinizuia kuchota, nikakitupia kwenye droo pamoja na viberiti vibovu na betri kuukuu.

"Natia vijiko vingapi?" aliuliza.

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote wanaonunua maziwa ya unga ya chai. "Viwili vya chai kwa kikombe. Koroga vizuri, yasifanye madonge."

Akashukuru. Na mimi, nakiri, nilijisikia mtu mwema mchana kutwa. Kopo zima ni la wenye nacho. Mimi nilikuwa nimemkatia asiye nacho kipande chake. Kila siku mbili tatu alikuja, nikampa kifuko, akaenda. Alikuwa mteja wangu pekee wa maziwa hayo ya kupima, na kopo nililiweka chini ya kaunta, peke yake, likimsubiri.

Sikumbuki ni lini hasa nilianza kuona. Kwanza kilio cha mtoto kilikuwa chembamba. Halafu binti akaacha kumbeba wazi. Akawa anakuja amemfunika gubigubi hata jua likiwa kali. Siku moja upepo ulifunua kanga nikauona mguu. Ngozi ilikuwa imelegea pajani kama soksi ya mtu mzima iliyovalishwa mtoto. Nikasema, "Huyu ana homa?" Akasema hapana, amekonda tu. Nikampa kifuko chake.

Kabla sijafikiri lolote, mtaa ulikuwa umekwisha fikiri. Huku kwetu mtoto wa kunyonya akidhoofu bila homa wala kuhara, watu hawaulizi amekula nini. Husemwa amebemendwa. Maana yake mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, akarudi na joto la nje, akamshika mtoto nalo. Mtoto ndiye anayekonda, mzazi ndiye anayehukumiwa. Na kwa kuwa mume alikuwa Nyamisati na mke alikuwa hapa machoni petu, mtaa haukutaka hesabu ndefu. Wateja waliyasema hayo juu ya kaunta yangu wakisubiri chenji. Mmoja alitaja mwendesha bodaboda, mwingine akataja fundi baiskeli. Lisemwalo lipo, walisema. Mimi nilijibu bei.

Siku ya Jumatano nesi aliingia, na safari hii hakutaka sukari. Alikuwa amempima mtoto uzito. Mstari kwenye kadi ulikuwa umeanguka mara mbili mfululizo, na alikuwa amemwandikia binti karatasi ya kwenda hospitali ya misheni, Mchukwi, lakini siku nne zimepita na hawajaenda. Binti alimwambia mtoto anakula maziwa ya kopo, yananunuliwa kwangu.

"Mama, nisaidie jambo moja," nesi akasema. "Tangu aanze, huyu binti amenunua makopo mangapi?"

"Wateja wengi, nesi. Sikumbuki."

"Kubwa kama lile," akaonyesha rafuni, "kwa mtoto wa umri ule ni la wiki moja. Likijitahidi sana, siku kumi. Jaribu kukumbuka."

"Nikikumbuka nitakwambia."

"Mficha uchi hazai, mama," akasema, akatoka.

Nilisubiri apotee. Kisha niliinama nikalitoa lile kopo chini ya kaunta na kufungua kifuniko. Wiki ya tano ilikuwa inakwisha na robo ya unga ilikuwa bado ipo. Sina machozi ya karibu na sikulia. Nilikwenda kwenye droo, nikakitafuta kile kijiko cha plastiki kati ya betri, nikakipangusa. Halafu nilivaa miwani nikasoma maandishi ya ubavuni mwa kopo, ambayo yalikuwepo siku zote, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, pamoja na michoro kwa asiyejua kusoma. Niliogopa. Sikumwogopea mtoto kwanza, nasema kweli. Nilijiogopea mimi.

Mume wangu nilimwambia wakati wa chakula. Alitafuna mpaka akamaliza. "Ya watu waachie watu," alisema. "Mpe nesi habari kidogo kidogo, pole pole. Duka halina upande." Sikubishana naye. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nikiitaka.

Alhamisi alikuja mama mkwe wa binti. Aliweka kikapu juu ya kaunta, akataka kahawa, tende na sukari. Kwa kawaida yeye hununua kidogo, kwa hiyo nilimuuliza kama kuna shughuli.

"Kesho baada ya swala kuna kikao. Mwanangu anaingia asubuhi kutoka Nyamisati, na ami zake wawili watakuwepo."

"Kheri?"

"Kheri gani? Mtoto si unamwona. Kesho mamaye atamtaja huyo mwanamume, tujue, mtoto atafutiwe dawa. Asipomtaja, arudi kwao delta alikotoka."

Nilikuwa nachota kahawa. "Na mtoto?"

"Mtoto ni wetu, atabaki." Akanyoosha kidevu kuelekea rafuni nyuma yangu. "Maziwa si yapo hapo kwako? Nitakuwa naja mwenyewe unipimie."

Nilimpimia kahawa. Nikampimia tende, nikampimia sukari, nikamfungia vizuri na kumwongezea tende mbili za juu, kama tunavyowafanyia wateja wa zamani. Akaondoka. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo kuliko lile la vijiko.

Maana sasa hakukuwa na pole pole. Binti angepandishwa mtumbwi na jina la uzinzi, na angeondoka na titi lake la usiku, ambalo pengine ndilo lililomweka mtoto hai mpaka siku ile. Mtoto angebaki na bibi yake, na bibi angekuja kwangu, nami ningempimia. Viwili vya chai kwa kikombe.

Ijumaa, swala ilipokwisha, nilichukua kopo, kile kijiko cha plastiki, kijiko cha chai, glasi mbili za dukani na chupa ya maji ya moto. Mume wangu alisimama mlangoni. Alirudia maneno ya babu. Nikamwambia safari hii duka ndilo mshtakiwa, ila wenye kesi bado hawajajua. Akasogea nikapita.

Walikuwa uani, kwenye mikeka, upande wenye kivuli cha ukuta. Ami wawili, mume aliyekuwa bado na vumbi la safari, mama mkwe na birika lake la kahawa, na binti ameketi peke yake pembeni, mtoto mapajani, macho chini. Nilipobisha hodi wote waligeuka. Mhindi wa dukani hajawahi kuingia kwenye kikao cha mtu na kopo mkononi.

"Karibu," mama mkwe alisema, kwa sauti ya kuuliza.

Niliomba radhi kwa ami. Nikamwambia yule mume, "Baba, wewe umesoma. Nisomee hapa." Nikampa kopo, nikamwonyesha ubavuni. Alisoma polepole, akidhani ni jambo la malipo, kwamba kwa maji kiasi hiki vitiwe vijiko vitano vya kopo, vilivyosawazishwa. Nilimimina maji kwenye glasi ya kwanza, nikatia vitano vya plastiki, kimoja kimoja, nikihesabu kwa sauti. Nikakoroga. Yakawa meupe, mazito, huoni upande wa pili.

Kwenye glasi ya pili nilitia maji yale yale kiasi kile kile, na vijiko viwili vya chai. "Na hivi," nilisema, "ndivyo nilivyomfundisha mkeo. Tangu wiki ya kwanza. Yeye hakukosea hata siku moja, alifuata nilivyomwambia."

Mama mkwe aliinuka kwa magoti, akaivuta glasi ya pili, akaipeleka kwenye mwanga. Ameosha mchele maisha yake yote, hahitaji kuelezwa. Akaonja. Akaonja na ile nyingine. Akarudi kwenye ile ya pili akaonja tena.

"Haya ni maji ya kuoshea mchele," alisema.

"Ndiyo."

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Jana nilikuja kwako."

"Ulikuja."

"Ukanipimia kahawa ya kikao hiki."

"Nilikupimia."

Aliitua glasi mkekani. "Tumemtafuta mwanamume mtaa mzima," alisema, "kumbe ni mwanamke, na yuko dukani." Ami mmoja aliguna kicheko, akaona hakuna mwenziwe, akakikatisha kwa kikohozi. Uso wangu uliwaka. Niliona haya kama sijawahi kuona haya tangu utotoni, na nilitamani anitukane zaidi, amalize. Hakunitukana zaidi.

Binti hakutusikiliza. Wakati sisi tunasemezana, alikuwa amesogea juu ya mkeka mpaka kwenye ile glasi nzito, ameshika kijiko cha chai, na alikuwa akimnywesha mtoto tone kwa tone, akipuliza kila kijiko. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Mtoto alikunywa, akakohoa, akafungua mdomo tena. Tulikaa sote tukitazama mpaka glasi ikawa tupu. Ndipo binti aliponiinulia macho kwa mara ya kwanza.

"Iko nyingine?" akauliza.

Karatasi ya hospitali ilikuwa chini ya godoro la mama mkwe, ambaye alikuwa ameiweka huko ikisubiri kikao. Aliitoa mwenyewe. Waliondoka alasiri hiyo hiyo, mume, mke na mtoto. Mchukwi walikaa wiki kadhaa. Huko, na baadaye kwa nesi wetu, binti alifundishwa kumrudisha mtoto kwenye titi, kumweka na kumweka tena, mchana na usiku, hata pasipo kitu, mpaka maziwa yakasikia yakarudi. Nesi alisema hayakuwa mepesi wala hayajawahi kuwa mepesi. Hakuna maziwa ya mama yaliyo mepesi. Mama mkwe alikuwepo akisikia. Sijui alijibu nini.

Bwana wa mauzo alipopita tena nilimweleza yote. Alisikitika kweli, nilimwona. Kisha akasema, "Lakini mama, kopo lina maelezo." Nikamwambia ndiyo, lina maelezo, na wewe una begi, na mimi nina kisu, na kati yetu watatu aliyenyamaza vizuri ni kopo, maana sisi wawili tuliongea tukapotosha. Hakuandika oda siku hiyo. Makopo sasa ninayo mawili tu, yamo ndani kabatini, na aniletee mtu karatasi ya nesi ndipo namuuzia zima, halijafunguliwa, kijiko chake ndani. Saa ya ukutani sikuitoa. Inakwenda sawasawa na haina kosa.

Wapo mtaani wanaosema mpaka leo kwamba mtoto yule alibemendwa, na kwamba Mhindi alikwenda kumfichia binti aibu kwa sababu ana huruma. Nimewaambia si kweli, wananiitikia na kutabasamu. Huruma ile wananisifia mbele ya wateja. Sina la kuwafanya.

Mtoto sasa anatembea. Huja na mamaye, anavuta sabuni za rafu ya chini, anazipanga sakafuni. Mamaye hunisalimu vizuri, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Hajawahi kunilaumu kwa neno. Ila akitaka sukari au mafuta, huzunguka kaunta kwa upole, hunyoosha mkono na kusema, "Nipe, mama, nipime mwenyewe." Wateja wengine husimama wakitazama. Nami humpa kipimo, husogea pembeni, na husubiri amalize.